Wiki Niliyolea Chungu-cha-Nyani

Jumatatu, 12 Mei
Delvina wangu kaja kutoka chuoni Kuching na mtoto wa kulea! Chungu-cha-nyani cha mlimani, mmea wenye vikombe vyekundu vinavyomeza wadudu. Jumamosi mwalimu wake wa chuo anakuja kuukagua kama umezoea makao mapya. Ndio mtihani wake wa mwisho. Mwanangu, msomi! Mimi niliishia darasa la sita. Kanisihi: kivulini, maji ya mvua, usiulishe chochote. Nikamwambia aende kwa amani. Nimelea watoto wanne, sembuse jani.

Jumanne, 13 Mei
Vikombe viwili vimekauka midomo. Njaa hiyo! Nani anapokea mgeni asimpe chakula? Nikaupa supu ya kuku, kijiko kwa kila kikombe. Jirani yangu Rikem, yule wa maua ya okidi, kachungulia uani akauliza tangu lini namlisha mtu asiye na meno. Wivu tu. Mwanawe yeye anauza simu.

Jumatano, 14 Mei
Vitano vimekauka. Harufu! Nimeuhamishia kwenye samadi ya kuku, ileile inayostawisha pilipili manga yetu. Mume wangu Jihep kasema, Mama Delvina, si mtoto alisema usiuguse? Nikamuuliza yeye kasomea wapi.

Ijumaa, 16 Mei
Hakuna kikombe kilichosimama. Sijala tangu asubuhi. Nikaenda msituni nyuma ya miti ya mpira, pale tunapochuma vikombe vya chungu-cha-nyani cha porini, vile tunavyopikia wali wa nazi ndani yake sikukuu ya mavuno. Nimerudi na kumi na viwili, vya kijani, vinene. Nimevifunga kwenye mmea kwa uzi, kimoja kimoja. Ukiutazama kwa mbali, umependeza kuliko ulivyokuja!

Jumamosi, 17 Mei
Mwalimu ni mama mpole, mzaliwa wa kijiji jirani. Kauzunguka mmea mara mbili. Kisha kaniuliza, kwa adabu zote, mwaka huu nitapika wali kilo ngapi.
Rikem kacheka mpaka kashika ukuta.
Delvina hakucheka. Hakulia pia. Kachuchumaa, kakata nyuzi moja moja kwa mkasi wangu wa kushonea. Kasema tu: Mama, nilikuomba usifanye kitu. Basi.
Mizizi imeoza. Mtihani mpaka mwakani. Mwaka mzima wa mwanangu! Kilipona kichipukizi kimoja, kaondoka nacho kifuani. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikamuuliza kama amekula.

Jumatatu, 19 Mei
Nimelia siku mbili. Kosa ni langu, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Delvina kapiga simu, sauti bado ndogo. Kasema kichipukizi kimeshika, naweza kwenda kukiona, kwa sharti moja: nisikilishe. Nimeapa mbele ya Jihep.
Kesho alfajiri napanda basi. Mkobani nina kichupa tu. Si chakula! Ni dawa ya watoto ya kuongeza hamu ya kula. Nitakidondoshea Delvina akiingia kuoga.