Pete ya Pazia

Waziri hakuwa waziri wa chochote. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya ahadi zake: akiahidi mvua, watu huanua nguo. Kwa muda mrefu sasa alikuwa amewaahidi rafiki zake wawili, kinyozi na fundi cherehani, chakula cha mchana katika mkahawa wa kona, ule wenye vitambaa vyeupe mezani, ambao chakula chake wote watatu walikijua kwa harufu tu. Kilichokosekana ni kitu kidogo sana: hela.

Basi siku moja akipita pale, akinusa kama kawaida yake, akaona tangazo dirishani: WANAOCHUMBIANA HAPA, WAO NA MSINDIKIZAJI WAO, WANAKULA BURE. WAONGO WATALIPA MARA MBILI.

Sentensi ya kwanza aliisoma mara tatu. Ya pili hakuipa uzito. Haikumhusu mtu wa kipaji chake.

Mbio hadi dukani kwa yule dada fundi, ambaye alikuwa anashona mapazia.

"Unanichumbia?" fundi akauliza, mguu umeganda juu ya cherehani.

"Kwa saa moja tu. Tukishiba, tunaachana kwa amani."

"Na mimi je?" Kinyozi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amechungulia na mashine mkononi, amemwacha mteja wake na ndevu nusu.

"Wewe unalia."

"Nilie nini?"

"Furaha, ndugu yangu! Rafiki zako wanaoana."

Fundi aling'ata uzi, akafikiri. "Jumamosi mchana," akasema. "Siku nyingine siendi."

Akachomoa pete moja ya pazia, akaizungushia uzi kwa ndani hadi ikamkaa kidoleni sawasawa, kisha akamkabidhi Waziri. Kwa mchumba wa uongo, alijitahidi kweli.

Jumamosi wakala. Waziri aliagiza kwa kidole, kama mtu ambaye hajawahi kutazama upande wa bei: supu, kuku mzima wa kuokwa, samaki, na majani mabichi ambayo kinyozi aliyasogeza pembeni kwa heshima. Walicheka hadi meza za jirani zikawaonea wivu. Kabla ya keki, Waziri akafuta mdomo, akapiga magoti. Mkahawa mzima ukageuka kutazama.

"Ewe nyota ya moyo wangu," akaanza, maana hotuba aliiandaa. Lakini pete ikanasa mfukoni, na alipokuwa akihangaika nayo hotuba yote ikamtoka kichwani. Ikabidi aseme lililokuja. "Mimi... kila siku nazunguka njia ndefu ili nipite dukani kwako. Shati hili umelishona mara nne, na hujanicheka hata mara moja. Usingekuwepo, sijui ningekuwa nampelekea nani maneno yangu yote haya."

Akashtuka. Hayo hayakuwa kwenye mpango.

Kinyozi alikuwa na kitunguu kwenye leso kwa ajili ya kazi yake. Akasahau kukitoa, machozi yalikuja yenyewe.

"Nimekubali," akasema fundi, na Waziri akaichomoa pete, akamvisha.

Vigelegele vikalipuka meza ya nyuma. Waziri akageuka, akamwona shangazi yake fundi, na pembeni yake baba mtu, seremala, mwenye viganja vipana kama mbao zake.

"Shikamoo, baba," akasema, na kwa bahati magoti alikuwa ameshapiga.

"Marahaba. Nimeyasikia yote. Ni ya kweli, au ni maneno ya mkahawani?"

Mama mwenye mkahawa naye akasogea, bili mkononi. "Hata mimi nangoja jibu hilohilo."

Waziri akatafuta pa kutokea. Mlango ulikuwa mmoja, na shangazi ameshausimamia, mkoba kwapani. Akamtazama fundi. Fundi hakumsaidia. Alikuwa ameinua kidevu kama mtu asiyejali, ila mkono mmoja ulikuwa umeifunika pete isije ikanyang'anywa. Mkono huo ndio uliommaliza.

"Ni ya kweli, baba," akasema, na hakuna aliyeshangaa kuliko yeye, maana kwa kusema ukweli hakuwa na mazoezi.

Makofi yakiwa bado yanapigwa, mama mwenye mkahawa akaenda dirishani, akalibandua tangazo.

"Mbona unalitoa?" Waziri akauliza.

"Lilikuwa la mtu mmoja. Keshapatikana."

"Vitambaa vyote vya humu nashona mimi," fundi akaeleza, akijaribu kutocheka. "Nikamwomba mama huyu alibandike wiki hii, na baba na shangazi nikawaalika leo. Miaka mitatu, Waziri! Unakuja dukani, unaongea kila kitu isipokuwa hicho. Nikasema, huyu kwa maneno hashikiki. Tumtege kwa chakula."

Waziri akamgeukia kinyozi. "Na wewe ulijua?"

"Mimi nilikuwa na njaa tu," akajibu kinyozi, akiwa amelivuta paja la mwisho la kuku.

Seremala akavuta kiti, akaketi karibu mno. "Mkwe wangu hashindi barabarani akinusa vyakula vya watu. Karakana yangu inafunguliwa saa moja asubuhi. Jumatatu uwepo."

"Jumatatu hii, baba? Jumatatu nina..."

Keki ikafika. Seremala, shangazi, mama mwenye mkahawa na fundi wote wakamkazia macho, kisu kikisubiri.

"...nina nafasi kabisa," akamalizia Waziri, akasogeza sahani yake.