Binti Yangu Si Mzigo wa Kubandikwa Namba

Landless, Thika.

Kwa Mkuu wa Masomo ya Uzamifu,
Idara ya Uchukuzi na Ugavi.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: KUMSAMEHE MUME WANGU MASOMO YALIYOBAKI

Natumai barua hii itakukuta ofisini, ingawa kila nilipokuja karani wako aliniambia umetoka kidogo.

Mimi ni mke wa Muriithi, mwanafunzi wako wa udaktari. Jumamosi hii wakwe wanatoka Mwiki kuja kwa ruracio, sherehe ya mahari ya binti yetu Njambi. Kijana anaitwa Gachau, ana adabu, nami nampenda. Lakini naambiwa kabla ya tasnifu lazima Muriithi amalize masomo ya darasani, na kila somo lina kazi ya vitendo. Wenzake wameenda kuifanyia kwenye maghala. Yeye amechagua ruracio. Nina uchungu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Somo la kwanza lilimfunza kwamba kuweka akiba ni hasara. Sasa chumvi hainunuliwi mpaka sufuria ichemke. Gesi iliisha maharagwe yakiwa nusu, naye akafurahi, akaandika matokeo.

2. Somo la foleni. Tuna choo kimoja. Hakuna ruhusa ya kumpita aliyetangulia kujiandikisha, hata kwa mama yangu mzazi mwenye kisukari.

3. Somo la tatu linasema madalali waondolewe. Basi amemwambia Mzee Bedan, msemaji wetu, abaki kwake. Ataongea na wakwe mwenyewe. Daktari, baba gani hutaja mbuzi wa binti yake kwa kinywa chake? Ataonekana ana njaa.

4. Hili limenitoa machozi. Unajua mila yetu: wasichana hufunikwa leso gubigubi, kijana amtambue wake, akikosea atozwe faini. Muriithi anasema huko ni kuchelewesha mzigo. Amechapisha namba za kubandika wasichana mgongoni, na Gachau atatumiwa ya Njambi mapema kwa simu. Nilipomuuliza kama amerukwa na akili, alinijibu, "Mama Njambi, hiyo ni requirement ya somo."

Nasikia mwalimu wa somo la kufikisha vitu kwa wakati hajaonekana darasani tangu muhula uanze, na tayari ni daktari. Ikiwa yeye anaweza kuishi bila masomo hayo, mume wangu pia ataweza. Naomba umpe udaktari kabla ya Jumamosi, hata wa muda, tukishakula mtamnyang'anya. Ikishindikana, njoo ufunikwe leso pamoja na wasichana, umsahihishie kazi yake papo hapo.

Wasalimie walimu wote, karani wako, na askari wa lango aliyenipa kiti. Mama yangu pia anakusalimu. Bado yuko kwenye foleni.

Mimi mwenye heshima na hasira,
Waruguru, Mama Njambi.

N.B. Nilipoileta barua hii ulikuwa umetoka kidogo, kwa hivyo naongezea. Ruracio ilipita. Muriithi alinisikia, akachana namba zake na kumrudisha Mzee Bedan. Gachau akapita mbele ya leso akitabasamu, akafunua: Wilkister, rafiki wa Njambi. Watu wakacheka, faini ikatolewa. Akafunua tena: mama yangu. Hapo Njambi akajifunua mwenyewe, akaingia ndani na kufunga mlango. Anasema hawezi kuolewa na mtu asiyemjua mpaka aone sura. Amelia mpaka sauti ikakauka.

Wakwe watarudi Jumamosi ijayo. Tafadhali usimsamehe Muriithi hata somo moja. Namba nimezichapisha upya mwenyewe, na ya Njambi nimeshamtumia Gachau.