Dakika Tano za Sombe

Élisabethville, Jumatatu, 4 Februari 1952

Barua imefika! Kamati ya karte ya mérite itatembelea nyumba yetu Jumamosi, saa sita mchana. Karte hiyo ndiyo karatasi ambayo Wazungu humpa mtu mweusi wakisharidhika kwamba amestaarabika. Watahesabu uma zetu. Watachungulia kitanda. Watatutazama tukila. Alexis, jirani yangu na karani mwenzangu pale stesheni, anayo tangu Noeli. Ameitia kwenye fremu, juu ya Bikira Maria! Naitaka karte ile mpaka naiota usiku.

Jioni, kwenye cercle, klabu yetu ya makarani, daktari mmoja alituhutubia kuhusu mboga. Kupika sana kunaua vitamini, alisema. Dakika tano zatosha. Alitaja kabichi na épinards, mchicha wa Kizungu. Sombe, majani yetu ya muhogo, hakuitaja, lakini majani ni majani. Nyumbani kwangu sombe hutwangwa, kisha huchemka tangu asubuhi hadi mchana. Kumbe miaka yote hii tunakula maiti.

Jumanne, 5 Februari

Nimemtangazia Victorine utaratibu mpya: maji yachemke, dakika tano, sufuria chini. Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Alicheka mpaka akalishika tumbo kwa mikono miwili. Akasema niende nikamweleze mama yake mwenyewe, yuko jikoni.

Anajua siwezi! Mama mkwe alikuja kutoka Pweto na mzigo wa samaki wakavu, amkalie binti yake hadi ajifungue. Na buko ni buko: mkwe haingii alipo mama mkwe, hasemi naye, hamtazami usoni. Akitokea, mimi napotea. Jana nimejibanza nyuma ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe, tai shingoni. Mwanamke yule ameliteka jikoni bila kurusha hata jiwe.

Jumatano, 6 Februari

Nimepata dawa! Firimbi ya stesheni.

Mpango: nasimama uani, saa mkononi, mgongo nimeupa jikoni kwa heshima. Maji yakichemka, Victorine anakohoa. Dakika tano, napuliza. Anaipua. Akili iliyoje!

Nilipuliza. Sufuria haikushuka. Nikapuliza tena. Kisha nikamsikia mama mkwe akizungumza na sufuria, maana na mimi haruhusiwi. “Weye sufuria, ukae tu pa moto. Ile treni haiko yetu.”

Watu wa nyumba tatu walicheka. Nimewahesabu.

Alhamisi, 7 Februari

Alexis ni nyoka. Leo, dakika ya pili, amepiga mluzi kwa vidole nyuma ya ua. Victorine akaipua sufuria. Nikapuliza kusahihisha, akairudisha. Alexis tena! Sufuria imepanda na kushuka mara nne. Halafu bwana huyu akaniuliza kwa adabu zote kama treni ya sombe imechelewa. Ni wivu tu. Anaogopa mtaa utakuwa na karte mbili.

Ijumaa, 8 Februari

Leo sikutoa amri. Nimeomba. Nimemwambia Victorine ukweli: nimechoka kuitwa boyi na vijana wa Kizungu ambao hata ndevu hawana. Nataka mtoto wetu akizaliwa akute karatasi ukutani inayosema baba yake ni mtu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakubali. Kesho sufuria mbili: kubwa ya mama yake, ndogo ya kwangu, dakika tano kamili, nile peke yangu. Akaongeza kwamba hata mbuzi wa Pweto wanajua sombe isiyoiva inalewesha. Nikamjibu kwamba mbuzi wa Pweto hawakuhudhuria hotuba.

Jumamosi, 9 Februari

Wamekuja. Mzungu mmoja, madame wa foyer, ile shule ya akina mama, na mwenzetu mmoja mwenye karte aliyekohoa Kifaransa. Uma: kumi na mbili. (Sita za Alexis. Victorine ndiye aliyeziazima, si mimi!) Kitanda: safi. Nikaketi mezani, nikaanza kula huku nikihutubia vitamini. Ilikuwa chungu kama kwinini. Nikamaliza sahani, nikaongeza ya pili ili waone imani yangu.

Nilipofika vitamini C, meza ikazunguka. Jasho. Tumbo likapuliza firimbi yake. Nikatoka mbio kuelekea chooni, na mlangoni mwa choo, ana kwa ana, mama mkwe akitoka! Tukagongana kifua kwa kifua. Halafu nikamtapikia kitenge. Madame alikuwa dirishani.

Sina la kuongeza.

Jumatano, 13 Februari

Siku tatu kitandani. Mama mkwe alinitumia uji kwa mkono wa Victorine kila asubuhi. Leo jibu la kamati. Nyumba ni safi, mke ni hodari sana, mume asubiri mwaka mmoja na ashauriwe kuhusu chakula.

Nimelia. Chini ya blanketi, lakini nimelia. Alexis alikuja kuchukua uma zake na hakucheka hata kidogo. Hilo limeniumiza zaidi.

Victorine anasema karte itangoja, aibu ya mama yake haingoji. Nimpe mama kuku na kitenge kipya: kwao ndivyo buko iliyovunjwa inavyooshwa.

Jumapili, 17 Februari

Baada ya misa nimetoa kuku, nimetoa kitenge. Mama mkwe amepokea. Tumekula bukari, ugali wetu, sahani moja, na kwa mara ya kwanza nimemtazama usoni. Ana mwanya. Anatabasamu vizuri. Sombe yake, nakiri, ilikuwa tamu sana, ingawa marehemu.

Akaniambia mwenyewe, bila sufuria katikati yetu: “Buko imekwisha. Weye sasa uko mutoto yangu. Ingia fasi unapenda.”

Hakujua anasema na nani! Alipobandika sombe ya jioni nilikuwa tayari jikoni, saa mkononi. Dakika ya tano nikapuliza, pale pale sikioni pake. Akaitoa firimbi mdomoni mwangu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akaitumbukiza kwenye sombe. Akafunika.

Imechemka saa tatu nzima. Nimeiopoa, nimeifuta mawese, nimeipuliza kwa nguvu zangu zote. Haitoi hata pumzi.

Si nilisema? Kupika sana kunaua.