Dumu la Saadi Lavuliwa Gunia

Habari iliyotuharibia kahawa Alhamisi ile ililetwa na Mahamudu, ambaye sote humwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Alifika kijiweni kwetu, nyuma ya stendi ya Kibiti, punde tu baada ya sala ya alasiri, akasimama mbele ya benchi badala ya kuketi.

"Jamani, plastiki inaua!"

"Inamuua nani?" akauliza Haruni Injinia, fundi wa mashine za boti, bila kuondoa kikombe mdomoni.

"Wewe! Daktari kasema asubuhi hii. Wanaofunika wali kwa mfuko wa nailoni, wanaotia mafuta ya moto kwenye chupa za maji, wanaochotea maji ya kunywa madumu yaliyokuwa na rangi, oili, sijui dawa. Ile sumu haitoki hata usugue kwa mchanga. Inaingia mwilini kama shemeji aliyekuja kusalimia: haondoki tena."

"Maneno ya kitabuni hayo. Babu yangu kule Maparoni, deltani, kanywea dumu la petroli miaka arobaini."

"Kisha akafa na nini?"

"Kaliwa na mamba."

"Na huyo mamba," akadakia Bi Zabibu, "nasikia alitapika siku tatu."

Bi Zabibu huuza vitumbua penye ncha ya benchi letu. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa harusi ya binti yake, Subira, na wakwe walikuwa wanatoka hukohuko Maparoni. Wiki nzima alikuwa akilalamikia mambo mawili: kung'uto lake la kuchujia tui limetoboka tundu kubwa, na wageni ni wengi. Kahawa ya wageni hao alikuwa amempa Saadi, muuza kahawa wetu. Ilikuwa kazi ya kwanza kubwa kwa Saadi, naye alikwisha kuitangaza hadi kwa abiria wa mabasi ya Lindi.

"Mimi nnakunywa chochote," Injinia akaendelea, akijipiga kifua. "Damu yangu kali, bana. Tangu nianze kukaa hapa mbu hawanigusi. Juzi mmoja kanidonoa, kaanguka chali palepale. Shahidi Saadi."

"Nilimwona," akasema Saadi. "Miguu juu."

"Hata mimi," Redio akakiri, "mwaka wa pili huu sijawasha dawa ya mbu."

Nimefundisha kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba hoja mbili zikikaa karibu ni vyema zisomwe pamoja. Nikauliza kwa upole, "Saadi, maji ya kahawa unayachotea nini?"

Saadi akasogeza mguu mbele ya dumu lake. Dumu lile alikuwa amelivika gunia alilolishona mwenyewe, ati lipoze maji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona bila vazi hilo.

"Dumu la kawaida tu, Mwalimu."

"Livue," akaamuru Bi Zabibu.

"Mbele za watu, Bi mkubwa?"

"Livue nguo, Saadi!"

Likavuliwa. Lilikuwa la buluu, lina picha ya fuvu juu ya mifupa miwili, na chini yake maandishi makubwa: SUMU. DAWA YA MIKOROSHO.

Basi la Lindi likapiga honi, hakuna aliyegeuka.

"Umelitoa wapi?" nikauliza.

"Kanipa shemeji yangu wa Mtawanya. Kasema gumu, halipasuki."

"Na hili fuvu?"

"Nikadhani nembo, Mwalimu! Kiberiti nacho kina picha ya ngamia. Umeshakuta ngamia ndani?"

Injinia aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Loo. Kumbe si damu."

"Kaka, msimu ujao huna haja ya bomba la kupulizia dawa," akasema Redio, huku akijipapasa shingo. "Panda juu ya mkorosho, uwatemee mate wadudu."

Bi Zabibu alikuwa amekwisha kusimama. "Saadi, kahawa ya Jumapili basi! Nimemlea Subira miaka ishirini, leo niwaue wakwe zake kabla hajafika kwao?"

"Bi Zabibu, nakuomba! Watu hadi Nyamwage wanajua napika kahawa ya harusi. Nitanunua ndoo mpya, masufuria mapya. Dumu hili nalitupa sasa hivi."

"Unalitupa wapi?"

"Mtoni."

"Na mto unakwenda wapi?"

Saadi akafikiri. "Maparoni."

"Kwa wakwe!"

"Basi nalichoma."

"Na moshi wake auvute nani?"

"Nipeni mimi," akasema Injinia. "Nalikata. Juu faneli, chini nalishia kuku."

"Na hao kuku watamlisha nani?"

"Wewe. Si umeniagiza sita wa harusi?"

Nikaomba nafasi ya kusema. Nikawaeleza kwa utaratibu kwamba dumu la sumu halisafishiki likafaa tena kuwekea maji. Kwanza hutobolewa ili asije mtu akachotea tena, kisha hupelekwa kwa bwana shamba. Wote wakaafiki. Injinia akatwaa msumari na nyundo, akalitoboa kitako chote, tundu baada ya tundu, kwa mistari iliyonyooka hata nikamstahi.

Hasira za Bi Zabibu zikashuka. "Haya, Saadi. Ndoo mpya, maji ya bomba. Jumapili saa mbili asubuhi uwe kwangu."

"Allah akuzidishie, Bi mkubwa!" Saadi alikaribia kulia.

Niliinama nilichukue dumu nilipeleke. Bi Zabibu akaniwahi. Akaliinua juani, akachungulia matundu kwa jicho moja, uso ukamng'aa.

"Mashallah! Injinia, una mkono. Hebu nikatie hapa juu. Nimepata kung'uto la tui la harusi!"

"Bi Zabibu!" nikasema. "Sumu ile ile!"

"Ah, Mwalimu. Wewe si umesema kuwekea maji? Tui litapita tu, halikai."

Saadi akaanza kukusanya vikombe vyake kwenye beseni, kimoja kimoja.

"Kahawa nitaleta, Bi mkubwa. Ila wali usinipakulie. Nimekumbuka nina saumu ya kulipa Jumapili."

"Na mimi," akasema Redio, akivaa kandambili.

"Mimi ninazo mbili," akasema Injinia, na palepale akajipiga kofi shingoni. Mbu.

Nami nikakumbuka yangu. Tukatawanyika, tukamwacha Bi Zabibu na dumu lake kwapani, akishangaa jinsi kijiwe kizima kilivyoingiwa ghafla na hofu ya Mungu.