Pambano Haliamuliwi kwa Kola

Kwa Ndugu Mhariri wa Kurasa za Michezo,

Natumai hujambo, na kalamu yako haijambo. Mimi ni fundi cherehani. Nachangia chumba kimoja chenye dirisha moja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye naye ni fundi. Macho yangu yamechoka; bila mwanga wa dirisha hilo siwezi kutunga uzi kwenye sindano, na hilo linanitisha. Shemeji naye anapataka hapo hapo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo tulikubaliana kumaliza kwa pambano. Ndipo gazeti lako likaingilia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu mliandika "pambano la mapishi". Jumatano, "pambano la kwaya". Shemeji kayasoma yote, na sasa anataka letu liwe la kushona kola: atakayetangulia kumaliza achukue dirisha. Yeye humaliza kola mimi nikiwa bado natafuta miwani.

2. Tangu zamani pambano ni watu wawili ana kwa ana, mwamuzi, ngumi, na mmoja kwenda chini. Wanakwaya hawaangushani.

3. Mkiendelea hivi, kesho mtu akikohoa na jirani yake akakohoa, mtaliita pambano. Watu watakuwa wanapambana bila wenyewe kuarifiwa.

4. Nimeruka kamba uani wiki tatu, majirani wakinitazama. Nilikuwa naruka kwa ajili ya kola?

Kwa hiyo naomba mchapishe, kwa herufi kubwa, kwamba pambano lisilo na ngumi ni batili, na kila mpambanaji avae kaptula rasmi. Za kwetu nitashona mwenyewe.

Mke wangu anakusalimu. Anasema sote wawili hatuna akili. Nisalimie wapiga chapa wote na watu wa nyumbani kwako.

Wako katika kudai haki,
Fundi wa Dirishani (kwa sasa)

Tanbihi: Shemeji ameisoma barua hii, amekubali kila neno, akavua shati nimpime kwa ajili ya kaptula, na kifua pia. Miaka sita nimemwona katika mashati mapana nikidhani ndani ni upepo. Ncha za utepe wangu wa kupimia hazikukutana kifuani pake. Ndugu Mhariri, ulimi umeniponza. Futa namba mbili. Pambano la kola ni pambano halali kabisa, na nafasi ikibaki, andika kwamba kwa desturi anayeshindwa huruhusiwa kusogeza kiti chake karibu na dirisha.