Mwenyekiti wa Msiba wa Mzee Bonaventure

Jumatatu, 9 Juni

Yuko hapa! Mzee Bonaventure Nwokeji, yule wa filamu za Kinaijeria, yuko hotelini Bloomington, hapahapa Minnesota. Ameletwa na Waliberia wa hapa kuigiza filamu yao. Nimesoma habari hiyo nikiwa kazini Fridley, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikimlisha mzee mmoja uji. Kijiko kikakosa mdomo, uji ukaishia kwenye shati lake. Hakulalamika. Nadhani aliona jambo ni zito.

Mtu huyu nimemfuata tangu nikiwa kijana Kimilili, tukibanana kwenye kibanda cha video. Amekuwa chifu, mganga, mchungaji wa uongo, baba mkwe asiye na huruma. Hakuna anayejua kufa kama yeye. Akilishwa sumu, hata wewe unayetazama unashika tumbo. Na mimi nina kipaji hichohicho. Mke wangu Susan anasema kipaji changu ni kuugua siku ya kufua nguo.

Nataka kitu kimoja tu: niseme maneno machache mbele ya Mzee, kamera ikiwa inaniangalia. Nimempigia mwongozaji wa filamu, Madam Kebbeh. Akaniambia kwa upole kwamba nafasi zimejaa. Halafu nasikia Duncan wa kanisani kwetu anajitangaza kuwa ndiye atakayemkaribisha Mzee kwa niaba ya Wakenya. Duncan! Kwa kuwa amenunua maikrofoni, basi hakuna harusi wala ubatizo anaotuachia. Nimekasirika mpaka, nikiendesha gari, nikapitiliza njia yangu ya kutoka barabara kuu.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata njia. Mungu anisamehe kwa kufurahi.

Binamu yangu amenitumia video. Mzee Bonaventure yuko kando ya kaburi, amevaa nyeusi, anamlilia mke wake aamke. Watu wanamshika asijitupe ndani. Chini wameandika tumwombee. Nimelia ndani ya gari, kweli kabisa, mpaka mwenzangu wa zamu akagonga kioo.

Maskini Mzee. Amefiwa na bado amekuja kazini ugenini, hana wa kumshika mkono. Lakini sisi Wakenya wa Minnesota, mtu akifiwa hatungoji kuitwa. Maombi, chai, kamati, nyimbo, siku hiyohiyo. Mwigizaji asiye na jina unaweza kumfungia mlango. Nani atawafungia waombolezaji?

Nilimwonyesha Stacy, binti yetu. Akanijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu yake, kwamba hiyo ni sinema na hata muziki unasikika. Nikamwambia kwetu hata mazishi ya kweli yana muziki. Watoto wa huku hawana huruma. Nimeweka tangazo kwenye grupu, na picha ya Mzee. Tulipokaa kula, pole zilikuwa zimejaza simu.

Jumatano, 11 Juni

Kamati imekaa kwetu. Duncan alitaka uenyekiti, akisema yeye ana uzoefu wa misiba. Nikawauliza wanakamati ni nani aliyeleta msiba huu. Wakakubali ni mimi. Mwenyekiti: Jairus Wanjala! Duncan amepewa kuongoza ratiba, amenuna.

Kina mama wataleta chai na mandazi, Susan chapati. Jikoni Susan aliniuliza ni nani hasa aliyethibitisha kifo hiki. Nikamwambia aangalie macho ya Mzee kwenye video. Akasema macho ya Mzee yamekuwa hivyo kwenye kila filamu tangu tuoane. Nikatoka, maana mwenyekiti hawezi kukaa anabishana jikoni.

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulifika hotelini magari saba, leso kiunoni, chupa za chai mkononi. Kijana wa mapokezi alisikia neno mazishi akatutajia chumba na kutuonyesha lifti. Tulianza wimbo kwenye korido. Kina mama wakalia kilio cha nyumbani, milango ikafunguka huku na huku. Duncan akasimama na maikrofoni, mgongo kwa mlango wa Mzee, akaanza kumsifu marehemu: mke mwema, mkarimu, ametutangulia.

Mlango ukafunguliwa na marehemu.

Ni yeye, mkewe Mzee, amefunga kitambaa kichwani, ana mswaki mdomoni. Nilimtambua, wamepiga picha pamoja mara nyingi mtandaoni. Sisi wote tulimwona. Duncan peke yake hakumwona, akaendelea kumzika. Mama aliyebeba mandazi alikaa chini hapohapo kwenye zulia. Mwishowe mke wa Mzee akauliza ni nani amekufa. Duncan akageuka, akamwangalia, akaninyooshea kidole. "Chairman ndiye ali-confirm," akasema.

Nilitamani lifti inimeze. Lakini Mzee akatoka na fulana yake, akasikiliza mambo yote, akacheka mpaka akashika ukuta. Ile video ni kipande cha filamu ya zamani. Akasema ni mara ya kwanza watu kuvuka mji mzima kumlilia mke wa sinema. Mkewe hakucheka sana, ila alikula chapati.

Tukaketi popote palipokuwa na nafasi. Mzee akatusimulia alivyoanza. Alikuwa akiuza matairi mjini Onitsha, kwao Nigeria. Siku moja wapiga filamu walikuja mtaani kwao, na mtu wa kuigiza maiti hakutokea. Wakamwomba yeye alale. Akalala vizuri, wakamwita tena. Hivyo ndivyo alivyoingia. Nilisikiliza mpaka chai yangu ikapoa.

Ijumaa, 13 Juni

Simu kutoka kwa Madam Kebbeh! Mzee amemsimulia. Ana tukio la mazishi kesho, na waombolezaji aliowapata wanalia kama wamekwama kwenye foleni ya magari. Anawataka kina mama wetu wote. Duncan, kwa ile sauti yake, atakuwa mchungaji. Amepewa maneno ya kusema! Nikauliza mimi je. Akasema mtu wa kuigiza maiti amepata zamu ya kazi hospitalini, hatakuja, nichukue nafasi yake.

Maiti! Nilipiga kelele Susan akaangusha mwiko. Hivihivi alivyoanza Mzee! Na ukifikiria vizuri, mazishi yote yanamhusu nani? Si mchungaji.

Nimefanya mazoezi ya kufa kwenye kochi la kazini wakati wa mapumziko. Nilikufa vizuri mno. Msimamizi alikuwa ameanza kunikandamiza kifua nilipofumbua macho. Nimepewa onyo, lakini kama mwigizaji nimefurahi.

Jumamosi, 14 Juni

Suti yangu ya harusi, pamba puani. Susan na Stacy walisimama nyuma ya kamera. Mzee akainama juu ya jeneza langu akanitolea wasifu. Kwamba nilikuwa ndugu wa kutegemewa. Kwamba nikiingia chumbani, watu walichangamka. Hakuna aliyewahi kusema hivyo juu yangu, na mimi nipo nasikia. Chozi likatoka. Madam Kebbeh akasimamisha kamera.

Mara ya pili nilijikaza. Lakini Duncan akasahau maneno, akabaki kufunuafunua Biblia yake, na mimi nilikuwa nimeyakariri yote. Nikamnong'oneza kutoka jenezani. Kamera ikasimama tena.

Mara ya tatu Duncan aliomba roho yangu ipumzike kwa amani. Nikasema amina. Ilitoka yenyewe, mimi ni Mkristo.

Waliniinua taratibu. Wakaweka mito ndani, wakafunga kifuniko, wakaendelea bila mimi, na mara moja tu ikatosha. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na pamba zangu puani. Niliumia sana. Nilikuwa karibu na Mzee kiasi cha kusikia pumzi yake, na nimebadilishwa na mito. Stacy akaja akakaa karibu nami, akanishika mkono.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani Duncan alipewa nafasi ya kushuhudia. Alishuhudia kwa urefu. Hakutaja kwamba nilimsaidia maneno.

Baada ya ibada nilimpelekea Mzee chapati zilizobaki. Akanishika bega, akasema kazi ya uigizaji ngumu kuliko zote ni kuwaachia wengine tukio lao, na kwamba mimi kwanza nijifunze kunyamaza. Nilimsikiliza kwa makini. Nimerudi nyumbani nikiyatafakari maneno yake barabara nzima, na nimemwelewa kabisa. Kunyamaza si fani yangu. Mimi ni mtu wa kuongea.

Sasa, kwenye filamu jeneza limefungwa. Ndani hakuna anayeonekana. Uso wangu bado haujatumika! Na Jumanne wanapiga tukio la matanga nyumbani kwa marehemu, Eden Prairie, ambapo ndugu yeyote anaweza kufika kutoka mbali amechelewa mazishi, akilia, akisema mengi. Nimeshawaambia kina mama kwenye grupu kwamba tunahitajika tena. Susan amekataa kupika chapati, kwa hiyo nimeanza kukanda unga mwenyewe.

Madam Kebbeh bado hajui kwamba marehemu alikuwa na pacha. Nitamwambia nikishaingia ndani.