Maji ya Ushahidi Sebuleni Kwangu

Kitongoji cha Kilimani,
Njia ya Ilongero, Singida.

Kwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Simeoni,

Shikamoo.

YAH: NYUMBA YANGU KUENDELEA KULOWA KWA MAAGIZO

Kichwa cha habari kinajieleza, lakini naomba nikieleze tena, kwani mara mbili nimekuja ofisini kukieleza kwa mdomo nikaambiwa nilete maandishi. Haya ndiyo maandishi.

1. Mvua ile kubwa ilipoingia majumbani, ulitangaza mkutanoni kwamba aliyeingiliwa na maji asiguse wala asikaushe kitu hadi Kamati ya Maafa ije kupiga picha. Wenzangu walirudi makwao wakashika mafagio. Mimi nimekuwa mhudumu wa mahakama ya mwanzo miaka kumi na moja, nayajua yaliyompata mtu aliyefua shati la ushahidi. Sikugusa. Leo ni siku ya ishirini na nne, na maji yananifika kwenye kifundo cha mguu.

2. Godoro limevimba, na ukuta wa chumbani unameguka kwa chini. Gunia la alizeti lililokuwa pembeni limeota. Mke wangu alitaka kulitoa nje, nikamkataza, kwa kuwa ni kielelezo. Sasa alizeti ina majani manne. Bwana shamba alipita, akachungulia dirishani, akasema imebanana mno.

3. Bata wa jirani yangu Joshua wanashinda sebuleni. Nilijaribu kuwafukuza nikaona tunayatibua maji, na kielelezo hakichezewi. Nimewaacha.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu Severina alihamia kwao Mtinko wiki ya kwanza tu. Baba mkwe anasema alimwoza binti yake kwenye nyumba, si kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, na hamrudishi mpaka sakafu ikauke. Nilipokwenda kumfuata, mzee aliitazama suruali yangu iliyokunjwa hadi magotini, akanikaribisha uji, kisha akanisindikiza. Nikikausha naharibu ushahidi, nisipokausha nakosa mke. Nimemkumbuka sana, Mwenyekiti. Hata makaripio yake nimeyakumbuka.

5. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na vidole vya miguu vimeanza kuchubuka. Tena, kwa kuwa maji haya yanatunzwa kwa agizo lako, siwezi kuyaita yangu. Ni mali ya kijiji, na mimi ni mlinzi tu. Hivyo naomba Kamati ije kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, kijiji kije kichukue maji yake kikayahifadhi ofisini, ndani ya kabati lenye kufuli, pamoja na bata.

6. Vilevile naomba umwandikie baba mkwe barua yenye muhuri, kumthibitishia kwamba mkwe wake amelowa kihalali na kwamba si uvivu. Muhuri uonekane vizuri, maana macho yake yamechoka na mimi haniamini.

Wasalimie Mama Rebeka nyumbani, wajumbe wote wa kijiji, na mpiga picha wa Kamati, popote alipo.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye miguu mibichi,

Calist Bonaventura

N.B. Nimeshasaini, lakini naona si vizuri kumficha mtu mzima. Maji ya mvua yalikauka yenyewe siku ya tisa. Haya yaliyopo nachota bombani, ndoo ishirini kila asubuhi, Kamati isije ikakuta pakavu ikaniandika kuwa mwongo. Jumapili Severina alikuja na begi lake kuangalia kama pamekauka, akanikuta mlangoni namimina ya kumi na moja. Alingoja ndoo iishe maji, akaichukua, akarudi nayo Mtinko. Sasa natumia sufuria.